Kundi la Skauti kama Huduma ya Mtaa: Lipi la Kupokea, Lipi la Kutilia Shaka

Watu wengi huwajua skauti kwa gwaride: soksi zilizovutwa hadi magotini, skafu shingoni, saluti ya vidole vitatu. Tathmini nyingi za kundi la skauti huishia hapo hapo uwanjani, ndiyo maana makundi legelege husifiwa sawa na makundi imara. Gwaride halina ugumu. Wiki chache za mazoezi na filimbi moja zinatosha. Mzazi anayeombwa kumsajili mwanawe, au mwalimu mkuu anayeombwa kutoa darasa kwa mikutano ya Jumamosi, ana swali jingine: hawa wakishavua sare, mtaa unabaki na nini?

Hapa kundi linapimwa kama huduma nyingine yoyote inayobisha hodi kwenye jamii. Hukumu tunaitanguliza, ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi chini. Skauti ina thamani kubwa pale inapoendeshwa kwa vikosi vidogo vinavyokabidhiwa kazi halisi na kuifuatilia mpaka ikamilike. Pale watoto 80 wanapopangwa mistari nyuma ya mtu mzima mmoja, mtaa hupata picha za kumbukumbu tu, na watoto nao hawaambulii kingi.

Kikosi kwanza

Agosti 1907 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwachukua wavulana wapatao 20 akapiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baadhi walitoka shule za watu wenye nazo, wengine walikuwa watoto wa familia za wafanyakazi wa kawaida. Aliwachanganya, akawagawa vikosi vinne, kila kimoja na kijana wa kukiongoza. Tangu hapo mengi yamebadilika. Wasichana walipata chama chao mwaka 1910, na katika nchi nyingi leo wavulana na wasichana wako kundi moja. Ngazi ya wadogo ilianza mwaka 1916. Shirika la Dunia la Skauti lina vyama wanachama katika nchi na maeneo zaidi ya 170, kila kimoja na sare yake na majina yake ya vyeo. Kikosi kidogo, leo cha watoto sita hadi wanane, kimebaki vile vile.

Idadi hiyo haikuja kwa bahati. Watoto wanane wanaweza kuzunguka shimo moja wote wakaliona. Kila mmoja anaweza kupewa kazi inayojulikana ni yake: mtunza vifaa, mpishi, mwandishi, mweka hazina, wa huduma ya kwanza. Asipofika mmoja, pengo linaonekana siku hiyo hiyo. Wakiwa 30, mzembe hujificha nyuma ya wenzake mpaka mwaka uishe, na mwenye aibu humaliza mwaka bila kusikika sauti yake hata mara moja.

Baden-Powell alipendekeza kundi zima lisizidi watoto 32. Sababu aliyoitoa inachekesha: yeye mwenyewe aliona anawamudu vizuri 16 hivi, akakadiria kwamba viongozi wengine wana uwezo mara mbili yake. Mzaha huo una ukweli ambao makundi mengi ya shule yameusahau. Ukikuta kundi la watoto 70, lisikutishe ikiwa limegawanywa matatu, kila moja na viongozi wake. Kama ni 70 chini ya mtu mmoja, hilo ni gwaride tu.

Kupima kundi hakuhitaji kusoma ripoti zake. Msogelee mtoto yeyote, usimwendee kiongozi, umuulize: kikosi chenu kinaitwaje, nani anakiongoza, na shughuli yenu ya mwisho ilichaguliwa na nani? Katika kundi linalofanya kazi, viongozi wa vikosi hukaa baraza lao, wakajadili na kupendekeza, mtu mzima akiwa msikilizaji mwenye haki ya kuzuia jambo la hatari. Jibu la swali la tatu likiwa "mwalimu" kila mara, ujue hilo ni darasa lililovalishwa skafu.

Kazi moja kwa karibu: kibuyu chirizi

Ili kuona thamani inatoka wapi na inapotelea wapi, tuchukue kazi ambayo skauti hupewa mara nyingi: kujenga kibuyu chirizi, yaani sehemu ya kunawia mikono karibu na choo inayotumia dumu linaloinamishwa kwa mguu. Kibuyu chirizi kimoja kinahitaji dumu la lita 5 lenye mfuniko na mkono wa kushikia, miti miwili yenye panda ya urefu wa mita 2 hivi, fito mbili za mita 1, kamba, msumari mwembamba, moto wa kuupashia, kipande cha sabuni na ndoo ya changarawe. Kikosi cha watu wanane kikiwa na jembe moja na kisu kimoja hakihitaji zaidi ya nusu siku, tena wawili watakuwa hawana la kufanya. Hao wawili ndio wa kwenda kuzungumza na watakaokitumia, na tutaona chini kwamba kazi yao ndiyo kubwa kuliko zote.

Mashimo mawili huchimbwa kwa kina cha sentimita 45, yakiachana sentimita 70. Miti husimamishwa, udongo ukashindiliwa kwa tabaka. Ukimwagwa wote mara moja, mti hulegea baada ya wiki. Dumu hutobolewa kwa msumari wa moto, sentimita 12 hivi chini ya mdomo, upande wa mbele litakakoinamia. Ufito mmoja hupitishwa kwenye mkono wa dumu, ukalazwa juu ya panda. Kamba hufungwa kwenye mfuniko, ikashuka hadi kwenye ncha ya ufito wa pili, ambao ncha yake nyingine inabaki chini. Ukikanyaga ufito huo, dumu linainama na maji yanatoka. Ukiachia, linarudi wima na maji yanakatika. Mkono mchafu haugusi kitu isipokuwa sabuni. Changarawe humwagwa chini, maji yazame bila kufanya tope.

Mpaka hapo kila kundi linaweza. Sasa yanayoharibika.

Tundu likiwa kubwa, dumu linakauka haraka na watu wanakata tamaa. Likitobolewa chini mno, linavuja hata dumu likiwa wima. Mfuniko ukikazwa kabisa, maji yanatoka kwa kukatakata kwa sababu hewa haiingii; dawa yake ni kuulegeza kidogo au kuutoboa tundu dogo la pili. Kamba ya kukanyagia ikiwa fupi, dumu linakaa limeinama muda wote. Ikiwa ndefu, mtoto mdogo anakanyaga hadi chini na hakuna kinachotokea, kwa hiyo ncha ya ufito inapaswa kuning'inia kama sentimita 15 juu ya ardhi. Sabuni huyeyushwa na mvua au huibwa, basi hutobolewa, ikaning'inizwa kwa kamba yake na kufunikwa kwa kopo lililokatwa. Mchwa hula miti laini ndani ya miezi michache.

Hayo yote ni ya ufundi, na kikosi chenye akili huyamaliza kwenye jaribio la pili. Kinachoua vibuyu chirizi ni hesabu ya maji. Dumu la lita 5 hujazwa hadi chini ya tundu, kwa hiyo maji yanayotumika ni kama lita 4. Tukikadiria mililita 100 kwa kila anayenawa, hao ni watu 40. Shule ya watoto 200 inayotoka mapumziko kwa mara moja itamaliza madumu matano kabla kengele haijalia tena. Kundi linalojenga kimoja, likapiga picha na kuondoka, limeiachia shule pambo. Ndiyo maana wale wawili wasio na jembe huulizwa mapema: nani anajaza, saa ngapi, maji yanatoka wapi, na asipokuwepo nani anashika zamu? Majibu huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa. Kikosi hurudi baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Ziara ya pili ndiyo hufichua mengi, kwa kuwa hapo kamba imeshakatika na mwenye zamu ameshachoka.

Ukitaka kulitathmini kundi lolote kwa kigezo kimoja tu, uliza kuhusu ziara hiyo ya mwezi. Makundi yenye jibu ni machache kuliko yenye picha.

Huduma ya kwanza

Hili ni eneo ambalo skauti huipa jamii faida isiyoonekana kwa macho, kwani ajali nyingi hutokea nyumbani na mtoto ndiye aliye karibu. Lakini ubora wa mafunzo unatofautiana sana, na tofauti inajulikana kwa kumwomba mtoto aoneshe kwa vitendo badala ya kueleza.

Kuungua: kuna jambo moja la kuangalia. Mtoto aliyefundishwa vizuri atapeleka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka na kukaa hapo dakika 20. Dakika 20 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wengi huacha baada ya mbili. Hatapaka dawa ya meno, siagi wala mafuta, na hatapasua malengelenge. Jeraha linalovuja damu nyingi: hubanwa moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kufunua kila mara kuangalia kama damu imekoma. Kufunua huku ndiko kunakovuruga damu iliyokwisha kuganda.

Mtu mzima aliyezimia asiyepumua hukandamizwa kifua mara 30, kisha hupuliziwa pumzi mbili, kwa mwendo wa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6. Ukweli ni kwamba mtoto wa miaka 10 kwa kawaida hana uzito wa kufikia kina hicho kwenye kifua cha mtu mzima. Kundi linalojua kazi yake halimdanganyi. Linamfundisha kutambua hali, kuita msaada, kutaja mahali alipo bila kubabaika, na kumwelekeza mtu mzima asiyejua pa kuweka mikono. Kwa umri wake hayo ni mengi tayari.

Neno kuhusu skafu. Watoto huambiwa kwamba skafu ni bendeji iliyo tayari, na kwa asili ndivyo inavyotakiwa kuwa. Bendeji ya pembetatu ya kubebea mkono uliovunjika ina upande mrefu wa sentimita 130 hivi. Skafu nyingi zinazoshonwa siku hizi ni ndogo kuliko hapo, na nyingine ni za kitambaa kinachoteleza, fundo halishiki. Kabla kundi halijaagiza skafu, lipime moja kwa kumfungia mkono mtu mzima mwenye mwili. Isipofika, itabaki pambo, na hapo bendeji za kweli ziwekwe kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Miti, na kazi nyingine za siku moja

Upandaji miti ndio mradi unaopendwa kuliko yote na unaofeli kuliko yote. Kundi hutangaza miche 500, mgeni rasmi hupanda wa kwanza, na mwaka ukiisha hakuna anayejua imebaki mingapi. Sababu ni zile zile: miche ilipandwa mvua zikiwa zinaisha, mifuko ya plastiki haikuondolewa kwenye mizizi, mashimo yalikuwa ya kubahatisha, na mifugo ilipita. Shimo la sentimita 45 hadi 60 kwa kina na upana, udongo wa juu ukitengwa ili urudi kwanza kwenye mizizi, shingo ya mche ikibaki usawa wa ardhi, na uzio wa miiba kuuzunguka: kazi hiyo kwa mche mmoja inachukua muda mrefu kuliko ratiba ya sherehe inavyoruhusu. Basi kikosi kipewe miche 10, si 500, kila mtoto awe na wake wa kumwagilia na inayobaki iwe ya kikosi kizima. Hesabu inayotangazwa iwe ya miti iliyo hai baada ya miezi 12.

Usafi wa soko au ufukwe hauna la kuongeza zaidi ya hili: glovu zipatikane kabla ya watoto kufika, sindano na vioo vikusanywe na watu wazima, na pajulikane mapema taka zitapelekwa wapi na kwa usafiri gani. Bila hilo la mwisho, taka huhamishwa tu kutoka kona moja hadi nyingine.

Kambi nayo huacha alama kwa wenyeji wa eneo. Kundi makini hukata tabaka la juu la majani kwa vipande pale moto utakapowashwa, likavitunza kivulini na kuvinyunyizia maji, kisha likavirudisha wakati wa kuondoka. Choo cha shimo hukaa angalau mita 30 kutoka kisima au mto. Maji ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Mwenye shamba atakayeona haya yakizingatiwa mara ya kwanza hatasita mara ya pili.

Wakati wa dharura na kwenye mikusanyiko

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, skauti wa Uingereza waliwekwa kwenye pwani kushika nafasi za walinzi walioitwa kwenye jeshi la majini. Kazi yao ilikuwa kutazama na kutoa taarifa. Mpaka huo ungefaa kuheshimiwa hata leo. Vijana wa skauti wanafaa sana kupeleka ujumbe nyumba kwa nyumba, kuwaelekeza watu njia, kusajili waliofika kituo cha hifadhi, kugawa maji, kuwatuliza watoto wadogo waliopotezana na wazazi. Kila kimoja kati ya hivyo hupunguzia watu wazima mzigo, na kinahitaji nidhamu ile ile inayofundishwa kikosini.

Hawafai kuongoza magari kwenye barabara yenye kasi, kuingia maji ya mafuriko, kubeba miili, wala kuzuia umati unaosukumana. Watayarishaji wa matamasha hupenda kuwapanga skauti kama ukuta mbele ya jukwaa kwa kuwa hawalipwi. Kiongozi anayekubali hilo awekewe alama ya kuuliza, hata kama ni mpole na kila mtu anamsifu.

Kuna matumizi mabaya mengine yasiyo na hatari ya mwili: siasa. Skauti, kwa katiba ya shirika lake la dunia, ni harakati ya elimu isiyo ya kisiasa. Kuwapigia saluti viongozi wa taifa kwenye sherehe ya umma ni jambo moja; kuvalishwa sare na kupelekwa kwenye mkutano wa kampeni ni jambo jingine, na mzazi ana haki ya kumwondoa mwanawe hapo hapo.

Usalama wa watoto: hapa hakuna nusu alama

Jamii nyingi humpokea kiongozi wa skauti kwa imani kamili kwa sababu amejitolea. Imani hiyo imewahi kugharimu sana. Februari 2020 chama cha skauti cha Marekani, Boy Scouts of America, kiliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi kutokana na madai ya udhalilishaji wa kingono, na waliojitokeza kudai kwamba walidhulumiwa wakiwa watoto walizidi 80,000. Fidia iliyokubaliwa ilifikia dola bilioni 2.46. Chama hicho sasa kinaitwa Scouting America. Madai mengi kati ya hayo yalikuwa ya miongo iliyopita, na hilo lenyewe ni somo: madhara yalijificha kwa sababu watu wazuri walidhani kwao hayawezi kutokea.

Shirika la Dunia la Skauti lina sera ya kuwalinda watoto, na vyama vya nchi hutakiwa kuwa na taratibu zao. Swali ni kama taratibu hizo zimefika kwenye kundi la mtaani kwako. Zinapofika, zinaonekana kwa macho. Hakuna shughuli inayoanza na mtu mzima mmoja. Hakuna mazungumzo ya faragha kati ya mtu mzima na mtoto mahali pasipoonekana. Wakihitaji kuongea, huongea pembeni, penye upeo wa macho ya wengine. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Muda wa kuoga umetenganishwa. Ujumbe wa simu kwa mtoto huenda kwenye kundi la wazazi au mzazi hupata nakala. Na mzazi anajua jina la mtu wa kumlalamikia ambaye si kiongozi wa kundi wala rafiki yake.

Kuhusu idadi, chama cha skauti cha Uingereza, kwa mfano, hutaka kwenye shughuli za nje mtu mzima mmoja kwa kila watoto 8 wa ngazi ya wadogo, na mmoja kwa kila 12 wa ngazi ya kati, mbali na msimamizi mkuu. Nchi nyingine zina viwango vyao. Kwa kundi la mtaani sisi tungeanza na watu wazima watatu kama sharti la chini, kwa sababu rahisi: mmoja akiugua, wanabaki wawili. Makundi yenye wawili tu huahirisha shughuli kila mara, au, vibaya zaidi, huendelea na mmoja.

Ukiona kiongozi amevaa shanga mbili za mbao kwenye kamba ya ngozi shingoni, huyo amemaliza mafunzo ya Wood Badge, yaliyoanzishwa Gilwell Park nchini Uingereza mwaka 1919. Ni dalili nzuri ya kujua kazi. Haimwondolei sharti la kuwa na mtu mzima mwenzake.

Mtoto mwenyewe anapata nini

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichapisha uchunguzi wa karibu watu 10,000 wa Uingereza waliozaliwa mwaka 1958. Waliowahi kuwa skauti au wanachama wa Girl Guides, chama cha wasichana, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 hivi wa kusumbuliwa na wasiwasi au huzuni wakifika miaka 50, ukilinganisha na wenzao. Pengo la afya ya akili kati ya waliokulia kwenye umaskini na waliokulia kwenye nafuu pia lilionekana kuwa dogo miongoni mwao. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba skauti ndiyo iliyoleta tofauti. Huenda watoto waliojiunga walikuwa na jambo jingine la kuwasaidia. Hata hivyo matokeo hayo yanaendana na kinachoonekana kikosini: mtoto wa miaka 12 anayeambiwa "chakula cha watu wanane leo kiko mikononi mwako", akakiunguza, akala hicho hicho pamoja nao, kisha wiki ijayo akapewa tena sufuria.

Hili la kupewa tena ndilo jambo ambalo makundi yenye haraka hulikosa. Kiongozi humnyang'anya mtoto kazi kwa sababu mgeni anakuja na mambo lazima yapendeze.

Sare na gharama

Sare kamili huvutia, na kwa familia nyingi ni kikwazo. Kundi linalomrudisha nyumbani mtoto asiye na kaptula ya rangi sahihi linawafukuza wale wale ambao mtaa ungetamani wafikiwe. Skafu peke yake inatosha kuanzia. Nayo inaweza kumilikiwa na kundi na kukabidhiwa mtoto siku anapotoa ahadi yake. Ada zikitozwa, mweka hazina awe mtu tofauti na kiongozi, na daftari lisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Beji zinazouzwa bila mtihani ni ishara mbaya, hata kama bei yake ni ndogo.

Ukiamua kulipokea kundi

Usianze na ombi kubwa. Chagua tatizo moja ambalo mtaa unalikubali kuwa ni tatizo, litembelee pamoja na kiongozi wa kikosi, umwache yeye aandike anachokiona. Watoto huona mambo ambayo watu wazima wameyazoea: bomba linalovuja karibu na shule, kona isiyo na taa, ngazi ambayo mzee hawezi kuipanda. Kisha pawe na makubaliano ya ukurasa mmoja. Yaseme kazi ni ipi na inaishia wapi, vifaa vinatolewa na nani, watu wazima wangapi watakuwepo na majina yao, nani atatunza kilichojengwa, na tarehe mbili za kurudi. Idhini ya mzazi iandikwe kwa kila mtoto, ikiwa na namba ya simu ya dharura na maelezo ya ugonjwa au mzio. Karatasi hizo ziwe mfukoni mwa kiongozi kwenye eneo la kazi. Zikiachwa ofisini hazimsaidii mtu.

Muda wa wiki sita hadi nane unatosha kwa mradi wa kwanza. Ukiwa mfupi zaidi, ziara za kurudi hazitoshei. Ukiwa mrefu zaidi, mitihani ya shule huingilia kati na kikosi husambaratika.

Kama eneo lako lina kundi la wadogo tu, wa miaka 7 hadi 10, punguza matarajio bila kuwadharau. Wape kazi ya saa moja yenye mwisho unaoonekana: kupanga vitabu vya maktaba, kumsomea mzee gazeti, kupaka chokaa mawe ya njia ya shule. Vifaa vyenye makali vishikwe na watu wazima, maji ya kunywa yawepo, na mzazi wa kila mtoto ajue saa kamili ya kuja kumchukua.